Naomba ushauri: OSD moja inaanguka baada ya kujenga Ceph kutoka msimbo chanzo

Wakuu, habari za kazi. Nimeshusha msimbo chanzo wa Ceph (mfumo wa kuhifadhi data kwenye diski nyingi kwa pamoja), nikaendesha hati zake install-deps.sh na do_cmake.sh, kisha ninja, programu ya kujenga. Mara ya kwanza ilikufa katikati: RAM ya GB 16 iliisha, kerneli ikaiua cc1plus, yaani kikusanyaji cha C++. Maelekezo ya mradi yanakadiria GB 2.5 kwa kila kazi ya kujenga, nami niliruhusu kazi 16 kwa pamoja! Kwa -j4 (kazi nne tu) ikafika mwisho, ingawa ilikula usiku kucha.

Sasa tatizo lenyewe. Nawasha klasta ya majaribio kwa vstart.sh, OSD 3 (huduma zinazohifadhi data, kila moja na hifadhi yake) ndani ya mashine hiyo hiyo. Zote zinaamka vizuri, ila baada ya dakika kama kumi osd.2 inaanguka, na amri ya hali, ceph -s, inaonyesha active+undersized+degraded, yaani data inapatikana ila nakala zake hazijatimia. Diski ina nafasi tele. Kwenye out/osd.2.log mistari ya mwisho inalalamikia mapigo ya moyo (ujumbe ambao OSD hutumiana kuthibitisha ziko hai) yasiyojibiwa, kisha kimya.

Sitaki kupunguza nakala za data kutoka 3 hadi 2, maana onyo litatoweka na ugonjwa utabaki. Nianze kuchunguza matumizi ya RAM, au nijenge upya kwa RelWithDebInfo, aina ya ujenzi yenye kasi zaidi? do_cmake.sh yenyewe ilinionya kwamba Debug, aina inayotumika usipochagua, hupunguza sana kasi. Aliyewahi kukutana na hili anisaidie tafadhali, nataka nielewe chanzo kabla sijaweka humo data za watu.