Mkono wa kulia unakakamaa nikipiga gita, nifanyeje?

Wadau habari, naanza gita la nyuzi za nailoni, napiga kwa vidole bila piki. Sasa dakika chache tu kifundo cha mkono kinauma na kidole gumba kinagongana na cha shahada kila saa, mkono unatakiwa ukae wapi hasa?

bezi_nzito: Mkuu mkono wako hauna pa kuegemea ndo maana. Laza kigasha juu ya ukingo wa bodi ya gita, mbele kidogo ya kiwiko, bega liachie kabisa, kifundo kisikunjwe. Halafu gumba litangulie upande wa shingo ya gita na shahada ibaki nyuma upande wa daraja (kile kibao nyuzi zinapofungwa kwenye bodi), ukiangalia toka juu vinapishana kama X, hapo kila kimoja kina njia yake.

nyuzi6: Naongezea, gumba libebe nyuzi nene, ya 6, 5 na 4, shahada ya 3, cha kati ya 2, cha pete ya 1. Na usinyofoe uzi kwenda nje, kidole kiingie kuelekea kiganjani, ukinyofoa utasikia ule mlio wa kuchapa, mbaya kweli

muuliza swali: Asante wakuu. Kidole kidogo je, mi nakibandika kwenye bodi ili mkono utulie

bezi_nzito: Kiachie, kikikaza na cha pete kinakaza. Wapiga banjo (ala ya nyuzi kama gita) ndo wanaegemeza makusudi, ila wao wengi wanachezesha vitatu tu