Mrejesho: visu vya randa ya mezani, inchi 6

Wakuu, niliuliza kama randa yangu ya mezani (mashine ya kunyoosha uso wa mbao) niichukulie visu vya HSS (chuma kigumu cha zana) au vya kabaidi (ngumu zaidi ya chuma). Nimechukua HSS, seti nzima ya vitatu: vinanoleka kwa jiwe la kawaida hapa Dodoma, wakati kabaidi inataka jiwe la almasi na ikikuta msumari inamegeka. Pimeni urefu, upana na unene wa kisu cha zamani kabla ya kwenda dukani.

Wakati wa kufunga visu, chomoa plagi kwanza. Makali yakifika juu kabisa ya mzunguko yalingane na meza ya kutokea (upande ubao unakotokea), rula ya chuma iguse tu. Kisu kikizidi kimo hicho, mwisho wa ubao unachimbika. Kikipungua, ubao unagonga ukingo wa meza. Bolti zikikazwa kisu huinuka kidogo, kwa hiyo kaza kwa zamu, upime tena. Mninga sasa unatoka laini, hauna hata mstari. Asanteni sana.