Simon Kimbangu: tuamini simulizi la kanisa au jalada la Wabelgiji?

Jogoo wa Shamba: Tangu 2023 Aprili 6 ni sikukuu ya taifa kule Kongo (DRC) kwa ajili ya Kimbangu, mhubiri wa enzi za ukoloni wa Mbelgiji. Kanisa lake linasema 1921 pale Nkamba, kijijini kwake, aliponya wagonjwa, akafufua wafu. Wabelgiji wakaandika: mchochezi. Yupi ndiye Kimbangu mwenyewe? Mimi upande wowote siumezi mzima. Ila waumini wake wanaokula Krismasi Mei 25 wasinifundishe historia.

Binti Nkamba: Mei 25 alizaliwa Papa Dialungana, mtoto wa pili wa Kimbangu. Wewe Desemba 25 umeikuta mstari gani wa Biblia?

Mwalimu Mstaafu: Ha! Jogoo kawika mapema leo. Hata Ethiopia Krismasi ni Januari 7, mbona hamuwacheki?

Kengele: Mwalimu, usichanganye madawa. Waethiopia wana kalenda yao, lakini Yesu ni yule yule. Hawa wanasema Dialungana NDIYE Yesu. Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliwapokea 1969, 2021 likawatoa. Au nalo ni la Wabelgiji?

Binti Nkamba: Kengele, hujawahi kuvua viatu Nkamba, mji wetu mtakatifu, unatusemea kama umezaliwa pale.

Kengele: Kwani ukweli unakaa kwenye nyayo?

Mpita Njia: Turudi kwenye mada. Juni 1921 askari walikwenda kumkamata Kimbangu, wakamkosa. Kanisa linasema muujiza. Serikali inasema alitoroka kwenye vurugu. Sawa, bishaneni. Lakini Septemba alirudi Nkamba akajitoa mwenyewe, na hapo pande zote mbili zinakubaliana. Mchochezi gani anarudi kujikabidhi?

Jogoo wa Shamba: Dada, sikukucheka, ni utani tu wa Krismasi.

Binti Nkamba: Utani una mipaka. Bibi yangu alisali kwa siri enzi za Mbelgiji, usiku, bila ngoma. Mama Mwilu, mke wa Kimbangu, ndiye aliyelishika kundi mumewe akiwa jela. Hao wakosoaji wenu wanampa mistari miwili.

Simba wa Katanga: Tena alifungwa miaka 27 hapa kwetu Lubumbashi, enzi hizo Elisabethville!

Mwalimu Mstaafu: 27 ni Mandela, ndugu yangu. Kimbangu ni 30. Mahakama ya kijeshi, bila wakili: viboko 120 na kifo. Mfalme Albert akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Alifia huko huko Oktoba 12, 1951.

Simba wa Katanga: Mandela hakupigwa viboko 120.

Kengele: Sasa Mandela kaingiaje hapa?

Simba wa Katanga: Muulize Mwalimu.

Kengele: Na mjukuu Kiangani naye eti kazaliwa Oktoba 12, 1951, siku ile ile babu anakata roho. Mnasema ndiye babu karudi. Tarehe imekaa sawa mno, kama suti ya fundi.

Binti Nkamba: Mbona ile ya Wakatoliki, kwamba walimbatiza Kimbangu akiwa mahututi, hujaiita suti? Tunaikana mpaka leo. Miaka 30 umemfunga mtu, halafu anakata roho unadai alikuwa wako!

Kengele: Hiyo nayo siiamini.

Binti Nkamba: Basi iandike kwa herufi kubwa kama ulivyoandika NDIYE.