Naomba ushauri: mafrateri tulioko masomoni Roma kumpokea Baba Askofu

Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi ni mafrateri wachache, yaani waseminari tunaojiandaa kwa upadre, tunaosoma teolojia Roma, na Mhashamu Baba Askofu wetu anatarajiwa kufika kwa hija ya kitume, ile ambayo kanuni ya 400 ya Sheria za Kanisa inawataka maaskofu wa majimbo kuifanya kila baada ya miaka mitano, wakasali kwenye makaburi ya Mitume Petro na Paulo na kuonana na Baba Mtakatifu. Ameonyesha nia ya kukaa nasi jioni moja, na furaha yetu ni kubwa.

Hata hivyo, tunaishi kwa ufadhili, na ratiba ya nyumba ya malezi haibadilishwi bila ruhusa ya gambera, yaani mkuu wa nyumba hiyo. Je, tumwombe gambera amkaribishe mgeni kwenye meza ya jumuiya, au tumwandalie chakula sisi wenyewe?

Jambo zito zaidi ni kwamba mwenzetu mmoja anatamani kumweleza mashaka yake kuhusu wito. Naona mazungumzo hayo yanahitaji faragha, wala si mezani. Lakini je, aombe nafasi kupitia katibu wa askofu, au amwandikie mwenyewe mapema? Mapadre mliolelewa ugenini, tafadhali mtuelekeze.