Mliopita kemo ya titi na ndugu mliouguza: tupeane uzoefu wa kichwa kinachosahau

Mama Nuru
Asubuhi napiga pasi sare za watoto, redioni kuna mama anasimulia maisha yake baada ya saratani ya titi. Akasema, "Nasimama jikoni, sijui nimefuata nini." Nikachomoa pasi nikakaa. Hilo ndilo langu! Mimi nilikatwa titi la kushoto, nikapigwa kemo, zile dripu za dawa kali za saratani: kwanza ile nyekundu inayokufanya ukojoe rangi, baadaye paklitakseli ya kila wiki, kisha mionzi. Nywele zimerudi, kucha zimerudi, kichwa bado. Neno nalijua, naliona kabisa, halitoki. Juzi nilitaka binti aniletee mbuzi, nikabaki nasema "kile, kile cha kukalia ukikuna nazi." Akacheka, mimi nikaingia chumbani kulia. Waliopita huko semeni, niko peke yangu?

Chausiku
Hauko peke yako shosti. Mimi wanangu wote nawaita jina la kitinda mimba.

Bint Pangani
Mimi ilinikuta kwenye sala. Adhuhuri rakaa nne, nafika katikati sijui ni ya pili au ya tatu. Nilikuwa nasujudu sijida ya kusahau karibu kila sala mpaka nikaogopa kusali. Mume wangu, Mungu amjalie, akaacha kwenda msikitini adhuhuri akawa anasali mbele yangu nyumbani, mimi namfuata. Hakuniambia kwa nini. Nilijua tu.

Mweka Hazina
Nilikuwa nasoma tu kimya, ila ya Bint Pangani imenitoa machozi, acha niseme yangu.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba mtaani kwetu. Mnajua mambo ya kikoba: sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, mtu akinunua hisa anagongewa muhuri kwenye kitabu chake. Nilikuwa katikati ya dozi. Mwanachama mmoja alikuwa anasafiri kwenda msibani, akaniletea rejesho la mkopo wake nyumbani siku moja kabla ya kikao. Akanipa mkononi, mbele ya mwanangu mdogo. Akaondoka.

Kikao kikaanza, jina lake likasomwa, mwenyekiti akauliza kama kaleta. Nikasema hapana. Nimeapa kabisa, hajaleta. Akapigiwa simu huko msibani, ikawekwa sauti ya juu, kila mtu anasikia: "Mama si nimekupa mkononi, ukasema ahsante?" Nikamwambia muongo. Yule dada akaanza kulia kwenye simu, watu wakanigeukia. Mmoja akasema, "Mgonjwa ana mahitaji mengi, dawa ni ghali." Mwingine, wifi yangu wa ndoa kabisa, akasema tangu nianze matibabu sina akili timamu, na kuna mtu kanichezea.

Najaribu kukumbuka, hakuna kitu. Si kwamba kumbukumbu ilikuwa na ukungu. Haikuwepo kabisa, kama ukurasa uliochanwa. Mwanangu ndiye aliyekimbia nyumbani akarudi na kopo la unga wa sembe. Noti zilikuwa chini ya unga, zimefungwa kwenye kile kikaratasi cha tarehe ya kliniki. Mwandiko wangu juu yake: jina la yule dada na kiasi. Nilikuwa nimeandika! Na sikukumbuka kuandika.

Chausiku
Jamani. Wifi yako aliomba radhi?

Mweka Hazina
Mpaka leo, bado.

Mzee wa Kibaoni
Poleni wote, lakini tuseme ukweli, haya ni mawazo. Mtu akiambiwa ana saratani hawezi kulala, asipolala atasahau. Na fedha za watu ni fedha za watu, ukiona huwezi unakabidhi sanduku.

Mama Nuru
Mzee wangu, heshima yako, ila mwenzetu kasimulia alivyodhalilishwa, wewe unamwambia akabidhi sanduku? Fedha zilipatikana zote.

Mzee wa Kibaoni
Sijamtukana mtu. Nimesema mawazo.

Nesi wa Zamu
Nimefanya kazi wodi ya saratani, naomba nafasi. Mzee ana sehemu ya ukweli: kukosa usingizi na hofu vinachangia. Lakini si hivyo tu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 581 wa saratani ya titi, wakawalinganisha na wanawake 364 wasio na saratani. Kuanzia kabla ya kemo hadi miezi sita baada ya kuimaliza, zaidi ya theluthi ya wagonjwa walisema akili yao imeshuka kwa kiwango cha kuonekana. Kwa wale wengine ilikuwa kama mmoja kati ya saba. Uholanzi nako, mwaka 2012, waliwapima waliopata kemo ya zamani, kwa wastani miaka kama 20 nyuma, wakakuta bado wako chini kidogo kwenye kukumbuka maneno na wepesi wa kufikiri.

Sababu ziko nyingi na zinashikana. Dawa na ugonjwa wenyewe huamsha uvimbe mdogomdogo mwilini (si vivimbe vya saratani, ni kule mwili kuwaka kama unapopigana na kidonda), na athari zake zinafika kwenye ubongo. Damu inapungua. Kwa wenye umri wa kuzaa, kemo inaweza kuzima mayai ghafla, homoni ya estrojeni inashuka, na ubongo uliizoea. Wapo pia wanaosahau kabla hata ya dripu ya kwanza. Wengi hupata nafuu ndani ya mwaka baada ya kumaliza, wachache hubaki nayo muda mrefu. Kwa hiyo, Mweka Hazina, hujalogwa, na wifi yako asome hapa.

Tabibu wa Majani
Majani ya stafeli, chemsha asubuhi na jioni. Kichwa kinafunguka. Nitafuteni pembeni.

Nesi wa Zamu
Usiwatafutie watu matatizo. Mtu yuko kwenye dozi, ini lake linahangaika na dawa kali, wewe unamwongezea majani ambayo daktari wake hayajui. Chochote mnachokunywa, semeni kliniki.

Tabibu wa Majani
Mababu zetu walikunywa.

Nesi wa Zamu
Mababu zetu hawakuyachanganya na doksorubisini, ile dripu nyekundu.

Mjukuu wa Ukerewe
Naomba na mimi, ingawa yangu ni nzito. Mama alikuwa na ile aina ya saratani ya titi yenye protini nyingi iitwayo HER2. Alipoanza kusahau tulisema kemo hiyo, itapita, na hata majirani waliopona walitutuliza hivyo. Kisha akawa anaamka na kichwa kinagonga, anatapika asubuhi bila kula kitu. Siku moja naona ndala ya mguu wa kulia inamvuka kila hatua chache, anaivaa, inavuka tena, yeye hajui kwamba mguu unaburuta. Kipimo cha CT kikaonyesha ugonjwa umefika kwenye ubongo. Alipigwa mionzi ya kichwa, tukapata muda naye wa kuzungumza vizuri, kisha akatutoka. Mkiona kusahau peke yake, sawa. Mkiona kichwa cha kila asubuhi, kutapika, degedege, upande mmoja kulegea au macho kuona viwili viwili, msisubiri tarehe ya kliniki.

Bint Pangani
Innalillahi. Mungu amrehemu. Ahsante kwa kutuambia la mguu.

Mzee wa Kibaoni
Pole sana mwanangu. Hapo nimeelewa.

Chausiku
Tuambiane basi mnafanyaje. Mimi daftari moja, natembea nalo.

Mama Nuru
Daftari nalisahau lenyewe. Mimi kengele za simu.

Bint Pangani
Simu nayo inapotea, shoga! Funguo, pesa, karatasi, vyote funga kwenye pindo la kanga kama bibi zetu. Kanga huiachi, umeivaa.

Mweka Hazina
Kwangu kutembea ndiko kumenisaidia, jioni mpaka nitoke jasho. Hesabu nazifanya asubuhi tu, mchana kichwa kinachoka. Na kikoba walinirudishia sanduku, kwa masharti niliyoweka mimi: sipokei shilingi nje ya kikao, mtu analipa, muhuri unagongwa hapo hapo, katibu anasoma kwa sauti.

Zuhura wa Mbagala
Samahanini, mimi naanza dripu ya kwanza wiki ijayo. Na daktari kasema baadaye vidonge vya tamoksifeni, vya kuzuia homoni isilishe saratani, miaka mitano. Sasa mmenitia hofu, niache?

Chausiku
Usiache! Tuko hapa tunabishana kwa sababu tulitibiwa.

Nesi wa Zamu
Usiache, dada, wala ile tamoksifeni usiikatishe kwa sababu ya kusahau bila kuongea na daktari. Wiki hii fanya mawili. Kwanza, mtafute mtu wa kuingia naye chumba cha daktari, awe anaandika. Pili, mwambie daktari kabla ya dripu kichwa chako kikoje sasa hivi: unalalaje, unasahau nini, hesabu za nyumbani unafanya mwenyewe au unasaidiwa. Waandike kwenye faili. Ukija kusema baadaye kwamba kimebadilika, wawe na cha kulinganisha.

Zuhura wa Mbagala
Mdogo wangu anajua kuandika haraka. Nitaenda naye.