Tupeane uzoefu: som tam ya papai bichi, nani kaipika nyumbani ikakubali?

Habari za jioni wakuu. Naombeni maujuzi kwenye hiki chakula cha Wathai, som tam, ile ya papai bichi na pilipili. Nilikula Bangkok nilipofuata mzigo wa nguo, mama muuzaji anakuuliza kabisa pilipili ngapi, mimi kwa ujuaji nikanyoosha vidole vitano, aisee nililia mbele za watu na bado nikarudi kesho yake. Sasa huku Dar nimejaribu mara tatu. Ya kwanza nilitwanga kama natwanga kisamvu nikapata uji wa kijani. Ya pili muuzaji aliapa papai bichi, kulipasua ndani lishakuwa la chungwa, ikawa tamutamu haieleweki. Ya tatu maji yalijaa sahani. Nakosea wapi?

Mzee wa vito:
Mkuu kosa ni mkono wako. Nimekaa huko miaka minne, ni kweli tam maana yake kutwanga na som ni uchachu, ila kinu chao ni cha udongo, mchi wa mbao, na mkono wa pili umeshika kijiko. Unagonga, unapindua na kijiko, unagonga, yaani papai linachubuliwa tu likolee. Kinachopondwa kweli ni kitunguu saumu na pilipili kichaa. Kisha sukari ya mnazi (mi natumia sukari guru), karanga za kukaanga, ndimu, nam pla ule mchuzi wa samaki, nyanya unaziminya tu, papai mwisho. Na inaliwa palepale, ukiikalisha lazima itoe maji.

Bi Mkubwa Unguja:
Mie nam pla sina, natia uduvi. Nauosha mchanga utoke, naukausha kwenye kikaango, naponda pamoja na saumu, chumvi hapo siongezi tena. Mume wangu akaniuliza hili si lile papai unalolainishia mishikaki? Ndilo hilohilo, kula. Akala sahani mbili anahema kama katoka mbioni.

Wa Mombasa:
Hakuna aliyesema utomvu? Mimi nilimenya mikono mitupu nikawashwa usiku mzima. Siku hizi nalichanja kwanza utomvu utoke, nasuuza, nikishakata nyuzi naloweka maji baridi kidogo, hapo zinakuwa kakaka mdomoni.

Niko Muscat:
Samahani natoka nje ya papai kidogo. Jirani yangu Mjava, mtu wa Indonesia, alinifundisha sayur asem, mboga yao ya uchachu, hii ni ya mchuzi, mahindi vipande, fenesi changa, karanga mbichi, kunde za maganda, na ukwaju. Nilivyopika peke yangu nikamimina ukwaju tangu mwanzo, saa nzima karanga na kunde ngumu kama kokoto, gesi inaisha. Kumbe uchachu unazuia visilainike. Akacheka sana, akasema chemsha vigumu kwanza, ukwaju baadaye. Pilipili anaisaga pembeni kila mtu ajitilie, kwa wenye watoto hiyo ndo salama.

Mleta mada, mrejesho:
Wakuu asanteni, jana nimepika tena. Kijiko kimefanya maajabu, papai limebaki na nyuzi zake, pilipili nimeweka mbili. Nilifuata ya Bi Mkubwa ya uduvi, ila mama hukunitahadharisha na ile harufu ukiwa kwenye kikaango, jirani kagonga mlango kuuliza kama kuna kitu kimetufia ndani. Nikampa sahani. Leo kaja na papai lake.