Nafunga kila Kwaresima, lakini moyo unabaki ulivyo

Mtafuta Chemchemi:
Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Huu ni mwaka wa 12 mfululizo nashika mfungo wa Kwaresima, na sijawahi kuukosa. Jumatano ya Majivu nafika kanisani mapema, kila Ijumaa nafuata vituo 14 vya Njia ya Msalaba, nyama naiacha, na saa ya sala simu nailaza kifudifudi. Hata hivyo Pasaka ikifika najikuta mtu yule yule, mwenye hasira zile zile, na juu yake nina kakiburi ka kuwa nimemaliza. Mwaka huu hata sala imekauka; juzi nilifika fumbo la nne la rozari bila kukumbuka nilivyopita matatu ya kwanza. Je, niendelee, au mfungo wa namna hii ni unafiki?

Katekista Mstaafu:
Milele na milele, Amina. Ndugu, nimeyasoma maelezo yako mara mbili, nikaona kwamba mtendaji wa kila jambo ni wewe: unafika, unafuata, unaacha, unalaza. Linganisha na Zaburi ya 51, ambayo huimbwa siku ile ile ya majivu: mwenye kutubu haahidi kujitengenezea moyo mpya, bali anaomba, “Ee Mungu, uniumbie moyo safi, uifanye upya roho iliyotulia ndani yangu.” Kuumba ndiyo kazi inayotajwa katika aya ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, nayo si kazi ya mwanadamu. Kuhusu unafiki, wale wanaokemewa katika Mathayo 6 walikunja nyuso ili watu wawaone. Wewe unaungama ukavu wako, kwa hiyo hujifichi. Mtakatifu Ignasi wa Loyola alishauri kwamba wakati wa ukiwa wa roho, yaani sala inapokauka na Mungu kuonekana yuko mbali, mtu asibadili maazimio aliyokuwa nayo, na kwamba akaze kubaki katika sala hata kupita kidogo saa aliyojipangia. Endelea.

Mama wa Kwaya:
Katekista amesema vema, ila hasira hakuigusa. Katika Isaya 58 watu wanalalamika kama mwenzetu, wakiuliza mbona wamefunga na Mungu haoni, nao wanajibiwa kwamba siku ya kufunga kwao wanagombana na kuwaonea wanaowafanyia kazi. Mimi nilikaa miaka bila kusema na mdogo wangu, na kila Kwaresima niliacha sukari. Chai chungu niliimudu hadi mwisho bila shida. Kumpigia simu kulinichukua Kwaresima 3. Nilipompata alikohoa, akanyamaza, kisha akaniuliza kama nimeshakula. Msamaha hatukuutaja siku ile, lakini jioni nilisali Baba Yetu nikakwama kwenye “kama sisi tunavyowasamehe”, mahali ambapo kwa miaka nilikuwa napita mbio.

Msharika:
Bwana Yesu asifiwe. Sisi Walutheri nasi tunaiadhimisha Kwaresima, ingawa kufunga hakuwekwi kuwa sheria, na hapo natofautiana kidogo na Katekista: huyu ndugu asiongezewe muda, pengine apunguze jambo moja. Tangu Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46, wala si 40, kwa sababu Jumapili 6 zilizomo hazihesabiwi, kila moja ikiwa ni kumbukumbu ya ufufuo. Maana yake furaha imo tayari ndani ya safari, haisubiri mwisho. Nilipoona maneno “sijawahi kuukosa” nilimkumbuka kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu, Luka 15, ambaye hakuwahi kuvunja amri ya baba yake, na bado ndiye aliyebaki nje ngoma zikilia ndani. Baba alitoka kumsihi yeye pia, jambo ambalo wahubiri wengi hulisahau kwa kumwonea huruma mdogo.

Mtafuta Chemchemi:
Nawashukuru nyote. Huyo kaka mkubwa amenikalia kooni tangu asubuhi. Yupo mtu ambaye jina lake sikulitaja katika swali langu, kumbe ndilo lilikuwa swali lenyewe. Nitampigia Ijumaa, kabla ya Njia ya Msalaba. Mniombee, kwa maana namfahamu: mara ya kwanza hatapokea.